Turubai la Mawe Kumi na Mawili

Siku mbili kabla vita havijafika kwetu nilikuwa juu ya ngazi, nagombana na mdogo wangu kuhusu kamba.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, kiangazi kikiwa kinaelekea kuisha. Kijiji chetu kiko ndani, kati ya Butiama na Bunda. Mimi nilikuwa nimetoka Musoma, ninakouza maturubai mpaka leo, nimekuja kufunika uwanja wa nyumbani kwa sababu dada yetu mdogo alikuwa anatolewa mahari. Turubai lilikuwa la kijani, zito, mita nane kwa sita. Nililipima mara mbili dukani na mara mbili nilipofika, maana kwenye biashara hii kitu hupungua njiani bila mtu kukigusa.

Masatu, mdogo wangu, alitaka kufunga kamba kwenye zile pete za bati zilizoko ukingoni. Kila mtu hufanya hivyo. Ndiyo maana kila mtu hurudi dukani na turubai lililochanika pembeni, anasema nimemuuzia takataka. Watu hudhani pete ndiyo inayoshika turubai, kumbe turubai ndilo linaloshika pete. Upepo ukivuta, pete inatoka na kipande chake, na pale ilipokuwa panabaki mdomo.

"Achana na pete," nilimwambia. "Lete jiwe."

Mama alikuwa ameokota mawe korongoni, kumi na mawili, ya mviringo, makubwa kama yai la bata, akayaleta kwenye kanga. Unaliweka jiwe chini ya turubai, shubiri moja kutoka ukingoni, unalivalisha turubai lenyewe mpaka litokeze kama chuchu ya ng'ombe, kisha unalikaba shingo kwa kamba. Hakuna tundu, kwa hiyo hakuna pa kuanzia kuchanika. Kati ya kamba na nguzo unaunga kipande cha tyubu ya baiskeli, upepo ukija uhangaike na mpira. Na hukazi sana. Upande mmoja unauacha chini, maji yapate pa kwenda. Mimi shingo naizungusha kamba mara tatu, nyekundu ya nailoni. Mara mbili zinatosha. Ya tatu ni ya kuhakikisha.

Masatu alikosea fundo la kwanza, akachomoa kisu akate aanze upya. Nilimpiga kofi mkononi.

"Kamba haikatwi, inafunguliwa. Ukikata leo, kesho utafungia nini? Utumbo?"

Alikuwa na miaka ishirini na mbili na mke, lakini mimi ni dada yake mkubwa. Alilifungua kwa meno na kucha, ananung'unika, watu wanacheka.

Mmoja wa waliocheka alikuwa Mugeta. Kwao ni ng'ambo ya korongo, upande wa pili wa malisho. Alishakula kwetu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mimi huhesabu.

"Dada, hapo unafunga turubai au unakamua?"

"Wewe shika nguzo. Siku lako likichanika utanikumbuka."

"Mimi nikifungaga kitu nakaza mpaka kilie."

"Ndiyo maana suruali zako zote zimepasuka," Masatu akamwambia.

Kwetu, siku ya mahari, mgeni yeyote anaruhusiwa kusimama kwenye lango la zizi na kuhesabu ng'ombe. Siku nyingine ungeulizwa una nia gani. Siku hiyo ni heshima. Nilimwona Mugeta amesimama pale, amevaa shati lake la mistari ya chungwa, midomo inachezacheza. Alihesabu mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Nilifurahi. Nilidhani nimempata mtu wa tabia yangu.

Sherehe iliisha lakini turubai tuliliacha juu, kwa kuwa ndugu wa mbali walikuwa bado wanafika. Ugomvi wa malisho ulikuwepo tangu mvua zilipochelewa: ng'ombe wamekamatwa huku, mchungaji kapigwa kule. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wanakaa vikao. Sisi tuliviamini vikao.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, tuliona moshi upande wa shule.

Kisha moshi wa pili, karibu zaidi.

Yowe lilipigwa, likapokelewa, likakatika.

Walitokea korongoni wamejitandaza kama watu wanaosaka sungura. Pinde, mapanga, bunduki mbili. Nikatazama tena. Bunduki tatu.

Mama alikuwa anaumwa kifua, na juu ya vilima wingu lilikuwa limeanza kujikusanya. Nilimshika mkono tukaingia kwenye mihogo. Hapo nikageuka, nikamwambia Masatu:

"Lete turubai."

Tukakimbia.

Nyuma ya majabali niliwahesabu watu wetu. Kumi na wanane. Nikarudia. Kumi na wanane.

Tulitakiwa kuwa kumi na tisa.

Nilichungulia. Kwenye lango la zizi letu alisimama mtu mwenye shati la mistari ya chungwa. Alikuwa anawatoa ng'ombe mmoja mmoja, anawanyooshea kidole. Uwanja ulikuwa umezibwa na nyumba. Masatu sikumwona.

Ulisikika mlio mmoja wa bunduki. Huo sikuhitaji kuurudia.

Jioni gari la polisi lilitukusanya likatupeleka Kiabakari, kwenye uwanja wa shule. Mwili wa Masatu uliletwa kesho yake. Askari aliyemleta alisema walimkuta chini ya nguzo, kisu chake bado kiko kwenye ala kiunoni. Turubai halikuwepo. Mama aliuliza swali moja, na aliendelea kuliuliza kwa miaka kumi na moja:

"Alikuwa anafanya nini pale muda wote huo?"

Yale maneno mawili niliyomwambia Masatu sikumwambia mtu.

Kiabakari tulikaa miezi minne. Tulipewa maturubai meupe, mapya kabisa, yakafungwa na vijana wenye haraka, kwenye pete, yakakazwa kama ngoma. Mvua ya kwanza ilikuja mchana na upepo wake. Ungesikia pete zinavyotoka: pa, pa, pa, mstari mzima, watoto wanabaki wameduwaa na maji yanawaingia. Nilianza kuzunguka hema kwa hema. Mawe ya pale yalikuwa makali, yanakata turubai, nikatumia magunzi ya mahindi. Tyubu niliziomba kwa mafundi baiskeli wa barabarani. Mama mmoja wa Suguti, kule ziwani, aliyekuja na kwaya yake kutuletea samaki wakavu, alinitazama akasema:

"Hiyo yenu ni ya watu wa ng'ombe. Sisi wavu tunauvalishaga kamba."

Akaketi chini akanionyesha. Ukingo unakunjwa juu ya kamba, unashonwa kwa uzi wa nyavu kuanzia kona mpaka kona, ili upepo ukivuta uvute upande wote na si mahali pamoja. Tulishona pamoja siku mbili, na tulibishana njia ipi ni bora mpaka mwisho. Watu walinishukuru, wakasema nina moyo. Wangejua. Siku zile nilikaba shingo mia moja na kumi na mbili, na zote zilikuwa za Mugeta.

Polisi niliwaambia nilichokiona. Mugeta alisema siku ile alikuwa Bunda, mnadani, akaleta watu wawili waliokuwa naye. Mimi nilikuwa shahidi mmoja. Wawili ni wengi kuliko mmoja, hata mimi hesabu hiyo siwezi kuibishia. Baadaye wazee walipatana, mikono ikashikwa, ng'ombe wachache wakarudi. Masatu hakuwa kwenye kikao. Nilimchukua Mama tukahamia Musoma moja kwa moja.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, Mugeta aliingia dukani kwangu.

Mimi nimenenepa, nina miwani, nafunga kilemba. Aliniita mama.

"Mama, nataka turubai la sherehe. Binti yangu anatolewa mahari Jumamosi. Siku hizi nakaa karibu na Bunda."

Nilimshushia la bluu. Akaligusa ukingo, akavuta pete kwa kidole.

"Haya hayachanikagi hapa?"

"Yanachanika ukilegeza," nilimwambia. "Funga kwenye pete zote, kaza mpaka lilie. Na pande zote ziwe sawa, lisiinamie popote."

"Hapo umesema. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyofungaga."

"Inaonekana."

Aliomba nipunguze bei, nikapunguza. Aliduwaa. Sijawahi kupunguza kwa ombi la kwanza, kabla yake wala baada.

Jumamosi nilifunga duka, nikapanda basi mpaka Bunda, nikaulizia kwa Mugeta, nikamalizia kwa bodaboda. Mvua ilitangulia kufika. Nilipoingia kwenye ule uwanja, turubai langu la bluu lilikuwa chini kwenye matope. Maji yalikuwa yamejaa katikati mpaka likavimba kama mbuzi mwenye mimba, pete zikatoka zote, na sufuria mbili za wali zikawa zimemwagika. Nilikuwa nimekiandaa kicheko changu njia nzima. Sikukitumia, kwa sababu niliona walichotundika badala yake.

Lilikuwa la kijani. Mita nane kwa sita. Wakwe walikuwa wamekaa chini yake, wakavu, wanakunywa soda.

Niliyahesabu mafundo. Kumi na mawili. Nikarudia, safari hii nikitazama kamba. Saba yalikuwa ya nailoni nyekundu iliyofifia, mizunguko mitatu, mkono wangu. Siku ile walikata kamba kwenye nguzo, wakakunja turubai na mawe yake ndani. Matano yalikuwa ya katani, yamefungwa na mtu aliyewahi kutazama mara moja tu huku ameshika nguzo.

Matano Masatu alishayafungua. Fundo langu moja, kwa mtu mwenye haraka, kulifungua ni muda wa kusali Baba Yetu. Masatu alisimama pale Baba Yetu tano, bunduki zinakuja, kisu kiko kiunoni.

Mugeta alinikuta nimesimama mvuani.

"Mama wa turubai, umeniuzia takataka."

"Na hili ulilipata wapi?"

"Hili la zamani. Hili halijawahi kuchanika."

"Najua," nilisema. "Nililifunga mimi."

Nikavua miwani, nikafungua kilemba. Alinitazama, kisha akatazama zile kamba nyekundu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa mstari wa mbele pamoja na wakwe. Niliwaambia jina la baba yangu, jina la kijiji chetu, na jina la Masatu. Sikupaza sauti.

"Siku ile huyu alikuwa Bunda mnadani. Muulizeni, turubai letu lilimfuata mnadani kwa miguu ipi?"

"Nililinunua," Mugeta alisema.

"Kwa nani?" Aliyeuliza hakuwa mimi. Alikuwa mzee wa upande wa wakwe.

Mugeta akageuka kukaza kamba ya katani iliyokuwa karibu naye. Nilikwenda kwa waliokuwa wanakata nyama, nikaomba kisu, nikapewa. Nikazunguka nguzo zote, nikakata kamba moja baada ya nyingine. Turubai likawashukia na maji yake, viti, soda, heshima yote. Hakuna aliyenizuia. Kukata kamba kumi na mbili kulichukua muda mfupi kuliko kufungua fundo moja. Hilo nalo nililipima.

Wakwe waliondoka jioni ileile na ng'ombe wao. Binti alisimama mlangoni, poda imechuruzika mpaka kwenye gauni jipya. Hakunikosea kitu. Namhesabu naye, na deni lake liko upande wangu wa hesabu, si wa Mugeta. Polisi wameandika maelezo mapya. Wanasema turubai si shahidi, lakini watalitazama. Nimewaambia walitazame mara mbili. Mugeta sijamsamehe, na sina mpango.

Musoma nilifika kesho yake. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimefungua yale mafundo saba na kutoa mawe, nikayaweka mbele yake. Aliyajua kabla sijasema. Aliyapanga kwa mstari, akayagusa moja moja.

"Yalikuwa kumi na mawili. Matano yako wapi?"

"Aliyafungua, Mama. Mimi ndiye niliyemwambia alete turubai."

Alilinyoosha jiwe moja kwenye mstari.

"Kisu hakuwa nacho?"

"Alikuwa nacho. Mimi nilimkataza kukata."

Mama alikusanya yale mawe saba kwenye kanga yake, kama alivyoyaleta siku ile kutoka korongoni, akaifunga ncha.

"Alikuwa mtoto msikivu," alisema.

Swali lake hajaliuliza tena.