Kitufe cha Okoa

Dada yangu mkubwa alipovunjika mguu, alitoka Kaloleni akaja kukaa kwangu Port Reitz, kwa kuwa hospitali iko karibu. Siku za mwanzo alikuwa wa kunung'unika tu kwenye kochi, mguu wenye plasta juu ya stuli. Nikamwekea mchezo kwenye kompyuta yangu, apate cha kutazama zaidi ya ukuta.

Mchezo wenyewe si wa mbio wala wa risasi. Unapewa kijiji, wakulima watatu na msitu. Unakata miti, unalima, unajenga ghala, unafunza askari. Upande wa pili yuko jirani, ambaye ni kompyuta yenyewe, naye anafanya hayo hayo. Atakayebomoa ngome ya mwenzake ndiye mshindi. Hauhitaji vidole vyepesi. Unahitaji kufikiria mbele kidogo, na hilo mtu yeyote hujifunza. Siku ya tatu dada aliniambia nisogee.

Kwa ajili yake niliugeuza mchezo uwe wa Kiswahili. Aliyeutafsiri sijui alijifunzia wapi, maana kitufe cha kuhifadhi kilikuwa kimeandikwa "Okoa". Kwa kuwa kompyuta tulikuwa hatuizimi, wala mchezo hatuufungi, sikuona haja ya kumweleza.

"Kibonyeze hicho cha pembeni, dada," nilimwambia Alhamisi mchana, nikikuna nazi.

"Kwani tumezama? Anayeshinda haombi kuokolewa."

Nikacheka, nikadhani anatania.

Na kweli tulikuwa tunashinda. Lango la jirani lilishaanza kupasuka. Niliacha mbuzi na nazi, nikaja kusimama nyuma yake, sote wawili tunahema kama tunaopanda ngazi. Mara farasi wa askari wetu wakaganda hewani. Skrini ikawa nyeupe, mchezo ukajifunga. Umeme ulikuwapo, feni ilikuwa inazunguka.

Nilipoufungua tena tulikuta wakulima watatu na msitu.

"Farasi wangu wako wapi?"

"Wamepotea, dada."

"Wote? Na lile shamba la mtoni?"

"Nalo." Nikamweleza kwamba mchezo haukumbuki ulichofanya mpaka uuambie ukiweke, na hiyo "Okoa" maana yake ni weka.

"Basi si wangeandika weka," akasema, akageukia ukuta.

Nilitamani kuirusha kompyuta nje. Kesho yake plasta ilikuwa inatolewa, na Jumamosi mwanawe angekuja kumchukua. Kwake hakuna kompyuta. Alichotaka ni kuiona ngome ile ikianguka kabla hajaondoka, basi.

Ijumaa, tuliporudi kutoka hospitalini, hakungoja hata chai. "Washa."

Ningependa mtu yeyote aliyepoteza mchezo wake ajue hili: mara ya pili huendi polepole kama mara ya kwanza. Dada alilima kwanza, akaacha kuta ambazo mwanzoni zilimlia mawe yote, na kufikia jioni alikuwa na farasi wengi kuliko wale waliopotea. Kila akikata mti, anabonyeza Okoa.

"Dada, hata mti mmoja?"

"Nyamaza. Wewe ndiye uliyekaa na siri."

Jumamosi asubuhi mwanawe alifika, tuktuk ikingoja nje. Askari wetu walikuwa wamefika langoni.

"Mama, gari la Kaloleni litajaa."

"Lijae. Yako mengine."

Kijana alisimama na begi mkononi, kisha akakaa kwenye mkono wa kochi. "Kule nyuma hawana walinzi, Mama."

"Naona, baba. Ulidhani natazama nini?"

Dada akawazungusha farasi kwa nyuma. Dereva wa tuktuk akapiga honi; hakuna aliyegeuka. Mimi nilikuwa nimemshika dada bega, nalibana bila kujua. Ukuta ukamomonyoka, vumbi likajaa skrini, na lilipotulia pakawa na neno moja, "Umeshinda".

Dada akalisoma kwa sauti, taratibu. Kisha akamwambia mwanawe naye alisome.