Vifurushi vya Viviane kwa Kompyuta za Likasi

Mke wangu Viviane ni mtu wa kutuma vitu. Tangu tuhamie Evere, hapa Brussels, mwaka 2006, sijaona Mkongo wa parokia yetu akisafiri kwenda Katanga bila kubebeshwa mfuko wake. Na hamuulizi mtu anataka nini. Anakwenda dukani, anachagua kilicho kizuri kuliko vyote, anafunga, anatuma. Mama yake kule Likasi ana viatu vya ngozi vya kila rangi, na hakuna hata jozi moja inayomwenea. Nimemwambia mara nyingi, "Maman Chloé, uliza kwanza." Hunijibu kwamba mimi ni mvivu. Kweli ni mvivu, lakini hilo ni jambo jingine.

Simsemi vibaya. Alifika Brussels na diploma ya ualimu wa hesabu ambayo hapa hakuna aliyeitaka. Aliuza mikate Berchem-Sainte-Agathe mpaka binti yetu Chloé alipoanza shule, kisha akajiandikisha kwenye mafunzo ya kompyuta, mama mzima katikati ya vijana waliomwita "madame" kila alipoinua mkono. Akamaliza. Sasa anafanya kazi katika ofisi iliyo vituo vichache vya tramu kutoka kwetu, na kompyuta za pale zikigoma, anaitwa yeye. Najivunia sana mwanamke huyu. Naliandika hapa kwa sababu mdomoni huwa halitoki.

Mwaka 2017 mdogo wake Bahati, mwalimu kule Likasi, alipewa kompyuta kuukuu ambazo ofisi moja ilikuwa inazitupa. Akazipanga katika chumba cha shule ili awafundishe wanafunzi wake kuandika programu kwa lugha ya Python. Mkuu wa shule alikubali kwa sharti moja: Jumatatu ya kwanza ya muhula angekuja kukagua, na kama kompyuta hazifanyi kazi, chumba kingerudi kuwa stoo ya madawati mabovu. Bahati alikuwa ameshawaahidi wanafunzi, na baadhi yao walikuwa wameshaanza kufagia chumba kila siku bila kuombwa.

Shida ilikuwa vifurushi. Mtu hawezi kufika mbali kwa Python bila vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine, na vipande hivyo huletwa na programu ndogo iitwayo pip. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, nayo inakwenda kuvichukua kwenye mtandao. Pale shuleni mtandao ulikuwa ukikatika kabla kifurushi hakijafika nusu. Viviane aliposikia hivyo akasema kwa sauti ileile ya kununulia viatu: "Nitatuma."

Jumamosi nzima meza yetu ya chakula ikawa yake. Alipakua vifurushi vyote akavitia kwenye flashi. Kisha akaandika faili dogo la mipangilio, la kuwekwa kwenye kila kompyuta. Lilikuwa na mistari miwili ya maana. Wa kwanza unaiambia pip isiende kabisa kwenye mtandao. Wa pili unaiambia vifurushi viko kwenye folda gani. Alinieleza mara mbili huku nikimenya vitunguu, na mara ya pili nikaelewa. Akazima mtandao wetu, akajaribu kwenye kompyuta yake mpya, na kila kitu kikaingia. Akajipigia makofi.

Flashi tuliipeleka Auderghem kwa Mon Père Jean-Marie, padri mzee Mbelgiji aliyefundisha Likasi miaka mingi na ambaye hurudi huko kila mwaka kusalimia. Watu wa kwetu hawamwachi aende na mikono mitupu.

"Njo hii tu?" akauliza kwa Kiswahili cha kwetu Katanga, akiipindua kiganjani. "Aksanti, maman. Bengine bananiletea masufuria."

Akaitia kwenye mfuko wa shati, na sisi tukarudi nyumbani tukiwa na raha zetu.

Jumatano, siku chache kabla ya ukaguzi, Bahati akapiga simu. Viviane aliiweka kwenye spika.

"Yaya, inakatala," akasema. Kwetu yaya ni dada mkubwa, fichier ni faili, na dossier ni folda.

"Inakatala namna gani?"

"Ile fichier niliweka vile ulisema. Pip inafika mu dossier, inaona bile bintu, puis inasema haibitambue. Habiendane na hii machine."

"Utakuwa uliandika mubaya."

"Yaya, sikuandika mubaya."

"Bon, anza tena."

Akaanza tena. Alhamisi jibu lilikuwa lilelile, na sauti ya Viviane ikapanda hadi nikafunga dirisha kwa ajili ya majirani. Upande wa pili Bahati akasema polepole, "Mais yaya, haukuniuliza machine zangu ziko namna gani."

Viviane akakaa kitako. Pip, alinieleza baadaye, ikipakua vifurushi huchukua vile vya kipimo cha kompyuta inayopakulia. Ya kwake ilikuwa mpya, na zile za Likasi zilikuwa za zamani, za aina nyingine. Ofisini asingekosea hivyo hata siku moja. Kule, kabla ya kugusa kitu, humuuliza mtu kompyuta yake ni ya aina gani. Lakini hii haikuwa kazi, ilikuwa zawadi ya kupeleka nyumbani. Aliona haya sana, na mimi, niliyekuwa na maneno yangu tayari, nikayameza.

"Pardon, ndugu yangu," akasema. "Alors nisomee yote. Windows gani, Python gani. Usiruke hata kitu."

Bahati akasoma, yeye akaandika. Ndipo akaona kwamba mambo hayakuharibika kama alivyodhani. Vifurushi vingi vilikuwa kama kitenge, kila mtu anajifunga. Viwili tu ndivyo vilivyoshonwa kwa kipimo. Akaiamuru pip ipakue hivyo viwili kwa kipimo cha zile kompyuta za zamani, akavituma kwa barua pepe, na Ijumaa asubuhi Bahati akavipokea kwenye misheni alikofikia Mon Père, penye mtandao dhaifu lakini usiokatika.

Wikiendi ile, kwa wasiwasi wa Viviane, hatukupata chakula cha maana. Jumatatu Viviane aliomba ruhusa kazini, akabaki na simu mkononi hadi usiku, Bahati alipopiga.

"Mkuu alikuja?" akauliza kabla hata ya salamu.

"Alikuja. Akaonyesha mutoto mumoja, Larissa, akasema: weka kifurushi kimoja hapa mbele yangu. Larissa akaandika. Ikaingia, yaya! Mkuu akaniachia ufunguo ya chumba."

Viviane alipiga kelele. Mimi pia. Alipotulia, ualimu ukamrudia. "Na ile dossier, uliiweka mu kila machine, vile niliandika?"

"Hapana. Niliiweka mu machine moja tu, zingine nikaziunganisha na câble. Mu fichier yako nikabadilisha ule mustari wa pili, sasa zote zinaangalia kwa ile moja. Nikiongeza kintu, naongeza pahali pamoja, donc zote zinaona."

Nikasubiri ngurumo. Ninamjua: kazi yake haiguswi.

"Nani alikufundisha ile?" akauliza.

"Njo weye. Ulisema ule mustari unaonyesha bintu biko wapi. Nikawaza."

Viviane aliaga, akaiweka simu mezani, akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yakitikisika na mimi nikadhani amekasirika, nikaenda kumshika. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Papa Chloé," akasema, "Bahati haiko tena na lazima ya miye!"

Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa furaha ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake hamhitaji tena, kisha akaenda kumwamsha Chloé amwambie na yeye.