Wapangaji wa Sanduku la Mbao

Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika chumba kile cha makumbusho aliijua karatasi iliyobandikwa juu ya sinki: "Maganda yasiwekwe ndani ya mbao. Hata siku moja." Aliyeiandika ni mtunza makusanyo, mama mmoja ambaye jengo zima lilimwita Bi Konokono, na ole wako akukute umesahau ganda kwenye droo ya mbao. Angekusomea mpaka masikio yakuume: mbao hutoa mvuke mchachu, mvuke hula chokaa, na ganda la konokono ni chokaa tupu.

Basi huyohuyo ndiye aliyefanya aliyoyafanya.

Kwa miaka kumi na mmoja alichekecha udongo wa pango moja nje ya mji, gunia kwa gunia, akipekua chenga kwa brashi ya unywele mmoja aliyoilowesha kwa mate. Alikuwa akimtafuta konokono asiye na macho, mwenye ganda angavu kama kioo, mdogo kiasi kwamba wawili wangeenea juu ya punje moja ya ufuta. Ndugu zake waliokwisha kujulikana wana jino moja ndani ya mdomo wa ganda. Huyu alikuwa na mawili. Hakuna aliyewahi kumwandika katika vitabu vya sayansi, na Bi Konokono alitaka amwandike yeye kabla ya kustaafu. Ndilo tu alilolitaka, na kwa miaka yote hiyo aliambulia maganda ishirini. Kumi na tisa yalikuwa mazima. Moja lilimeguka ukingo, akalitia kwenye kichupa cha kioo cha dawa na kulisukumia nyuma kabisa ya droo ya chuma.

Mumewe alikuwa seremala. Siku moja alimletea sanduku la mbao ngumu, limepigwa msasa likateleza, ndani lina vishimo kumi na tisa, kila kimoja sawa na ncha ya kidole.

"Wapangaji wako wamepata nyumba," alisema, na uso wake ulivyong'aa, nani angemsomea habari za mvuke mchachu?

Wiki moja tu, Bi Konokono alijiambia akiyapanga maganda humo. Nimfurahishe, kisha niyatoe. Siku ya tano mumewe alianguka karakanani, upande wa kulia wote umekufa ganzi. Kiharusi. Mke akachukua likizo ya miezi saba ya kulisha, kugeuza, kuosha, na kumfundisha mtu mzima kushika kijiko. Sanduku hakulikumbuka hata mara moja. Katika miezi hiyo barabara ilipanuliwa, na pango likajazwa zege.

Aliporudi kazini alifungua kifuniko. Harufu ya siki ilimpiga puani. Ndani ya vishimo mlikuwa na unga mweupe, basi. Alivuta kiti akakaa. Hakulia; alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulia kulikuwa kazi.

Mkuu wa idara, kijana aliyefundishwa na Bi Konokono mwenyewe, alichungulia sanduku akashika kichwa.

"Mama, andika tu kwamba yamepotea. Nani atauliza?"

"Hayakupotea. Nimeyaozesha mimi."

"Haya, umeyaozesha. Sasa utaeleza nini, unga? Pa kurudi hapapo. Bila ganda hata moja, huyo konokono hayupo."

Hapo ndipo alipokumbuka kichupa. Alivuta droo ya chuma hadi mwisho. Chini ya darubini ganda lile bovu, aliloliona la kutupwa, lilikuwa safi kama siku ya kwanza. Ukingo umemeguka, ndiyo, lakini meno yalikuwepo. Mawili.

Alimwandika kwa siku tisa, macho yakimtiririka machozi ya uchovu: urefu, mizunguko mitano, meno mawili, ukingo usiojulikana umbo lake. Mwishoni akaongeza: "Maganda mengine kumi na tisa yaliharibika kwa kosa la mtunzaji." Mkuu alimsihi aufute mstari huo. Akakataa katakata.

Jioni alifika nyumbani akiburuta miguu. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala pajani. Sanduku lile ndilo lilikuwa kazi ya mwisho ya mkono huo, na wote wawili walilijua hilo bila kulisema. Akauliza swali lake la kila siku tangu mkewe arudi kazini, maneno yakitoka kwa taabu upande mmoja wa mdomo.

"Wapangaji wangu... hawajambo?"

Mwanamke ambaye asubuhi ileile alikataa kuuficha ukweli mbele ya dunia nzima alimrekebishia mto mgongoni.

"Hawajambo. Wanaisifu nyumba. Mmoja tu ndiye aliyehama, anakaa kwenye chupa."

Mzee alicheka kwa nusu ya uso.

"Mwambie arudi," alisema. "Chumba chake kipo."

"Nitamwambia," alijibu, akaenda jikoni haraka, na huko ndiko alikolia.