Kibodi Mbili za Katoni

Najua mtu wa umri wangu hana ruhusa ya kusema "enzi zetu". Wazee wakisikia watacheka, na vijana wa sekondari watauliza ni enzi zipi, za juzi au za jana. Lakini wewe uliyekulia Koboko au Arua, kwetu Uganda, wakati simu moja ilikuwa ya ukoo mzima, na betri za redio zilianikwa juani kando ya mihogo ili zirudishe nguvu kidogo, unajua ninachosema. Tulikuwa na enzi zetu. Zilikuwa fupi tu.

Tulicheza kwepena, kukwepa mpira wa majani ya migomba unaorushwa, mpaka vumbi jekundu likaingia kwenye meno. Tulirudi nyumbani kula ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyopikwa kwa simsim ya kusaga, yaani ufuta, watoto wote sahani moja, na aliyekula polepole alijilaumu mwenyewe. Baba alikuwa amestaafu jeshini. Kiswahili alichorudi nacho kutoka kambini ndicho kilichotulea, na kwa Kiswahili hicho tulichapwa pia.

Miaka ile vitu vipya vilikuwa vikiingia mjini haraka kuliko majina yake, kwa hiyo vitu vililazimika kuazimana majina. Spika lilikuwa sanduku jeusi la kupiga kelele harusini, kisha redio ikatangaza kwamba Spika ameahirisha kikao cha Bunge. Noti zilikuwa zile mama alizofunga kwenye pindo la kitenge, na zile tulizonakili ubaoni, na tena zile kwaya ilizoimba. Mimi nilikuwa msichana wa kuuliza, na kusema kweli sijapona hadi leo. Nilimuuliza mwalimu wa darasa nani aliamua hivyo, na kwa nini hakuna aliyechoka akatunga neno jingine. Aliniambia nikae chini. Nilipomuuliza mama, alisema, "Wewe mutoto, mudomo yako iko na miguu. Iko natembea mbele yako."

Kisha ikaja kibodi, na yenyewe ilikuja mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa yangu. Shule yetu ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma katika ofisi ya mwalimu mkuu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona ikiwaka. Tulifundishwa juu ya katoni. Kila mmoja alichora herufi zake kwenye kipande cha katoni ya sabuni, akaweka vidole, na mwalimu akatembea katikati ya madawati akisoma herufi kwa sauti huku sisi tukigonga. Darasa zima liligonga makaratasi kwa makini, kama mvua inayoanza kudondoka.

Ya pili ilikuwa ya Ayikoru. Huyu ni binti wa shangazi yangu wa Lurujo, mkubwa kwangu kidogo, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyeshika jembe mapema. Aliacha shule, akaja kukaa kwetu mjini Koboko, na huko kanisani kwetu akajiunga na kwaya. Mwalimu Yosia, aliyeiongoza kwaya hiyo, ndiye peke yake pale aliyejua kupiga kibodi, kinanda cha umeme. Alijifunza Arua ujanani, na sasa macho yake yalikuwa yanaanza kumwacha. Kanisa lilikuwa limechanga kwa muda mrefu, na kibodi ilikuwa njiani. Alitaka mtu wa kumrithi, na alimtaka Ayikoru, kwa sababu alikuwa anasikia sauti ikipotea njia kabla ya mwimbaji mwenyewe kujua.

Wazee wa kanisa hawakuafiki. Walimjua kijana fulani wa Arua ambaye tayari anapiga, wakasema aitwe yeye. Na baba yake Ayikoru, mume wa shangazi tuliyemwita mjomba, mtu wa maneno machache, alituma neno kutoka Lurujo: kanisa likimchukua binti yangu, abaki mjini; lisipomchukua, arudi shambani, karanga zinasubiri. Wote nyumbani tulijua maana yake. Akirudi hatoki tena.

Kwa hiyo Mwalimu Yosia alikata katoni, akamchorea vitufe vyeupe na vyeusi kwa kalamu nene, akamwonyesha vidole vipite wapi. Jioni tulikaa mkekani nyuma ya jiko, mimi na katoni yangu, yeye na yake. Mimi nilikuwa naandika jina langu. Yeye alikuwa anapiga wimbo mzima, na kwa kuwa katoni haikutoa sauti, aliitoa mwenyewe kwa mdomo, mkono wa kulia kwa sauti nyembamba, wa kushoto kwa sauti ya fahali.

Mama alitoka na ufagio. Mama yetu alikuwa mtu wa kufagia. Alifagia asubuhi, alifagia wageni wakiondoka, alifagia wengine wakiwa bado wamekaa.

"Nyinyi wawili iko na kichaa ya namna gani?" akauliza. "Karatasi hailii!"

"Mama, hii iko kibodi," nikasema.

"Na hiyo ingine?"

"Hiyo pia iko kibodi."

"Basi moja iandike barua, ingine iimbe hiyo barua. Toeni miguu, nifagie."

Kibodi ya kweli ilifika kutoka Arua imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa. Jumapili, baada ya ibada, wazee walikaa benchi la mbele, Mwalimu Yosia akachomeka waya, Ayikoru akaitwa, akaiacha katoni yake kitini. Baba yake alikuwa amekuja na baiskeli, akasimama mlangoni.

Ayikoru aligusa kitufe cha kwanza, sauti ikatoka, naye akaurudisha mkono kama ameshika sufuria ya moto. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Akaanza upya. Mwanzo wa wimbo ulikuwa sawa, kisha mkono wa kushoto ukaanguka mahali pasipo pake, wa kulia ukaufuata, na kilichotoka kilikuwa kama mbuzi wanaogombana. Akasimama. Akaanza tena, na tena ukaharibika palepale. Mzee mmoja alikohoa na kusema, "Tumeona. Tuite yule wa Arua."

Nilikuwa nimekaa na watoto. Ninachokumbuka ni hasira, kwa sababu nilikuwa nimeuona wimbo ule kila jioni na vidole havikuwahi kukosea. Nikasimama na kuuliza kwa sauti, kanisani, mbele ya wazee: "Katoni iko hapa. Kwa nini hamuipimi juu ya kibodi?"

Mama alinivuta gauni. Lakini Mwalimu Yosia alikuwa ameshageuka. Akaichukua ile katoni kutoka kwenye kiti cha Ayikoru, akailaza juu ya kibodi, na hata aliyekaa nyuma aliona. Katoni iliisha mapema. Vitufe vyake vilikuwa vyembamba, vimesongamana kama watu kwenye benchi la zahanati. Kila kidole kilikwenda pale kilipofundishwa kwenda, na pale hapakuwa pake.

"Kosa iko yangu," Mwalimu Yosia akasema. "Katoni ilikuwa mufupi, nikabana. Nimefundisha mutoto wa watu nyumba, halafu nimehamisha milango." Akaomba Jumapili moja tu. Wazee walinong'onezana, wakakubali, wakatazamana na mjomba mlangoni. Mjomba alisema, "Nitarudi siku hiyo. Na baiskeli."

Jioni hiyohiyo Mwalimu Yosia alikuja kwetu na kamba aliyoipima juu ya kibodi, yenye fundo kwa kila kitufe. Kibodi yenyewe wazee waliifungia hadi Jumapili, na katoni ya kutosha haikuwapo, kwa hiyo walichora kwa mkaa kwenye saruji ya baraza, kutoka mlangoni hadi karibu na mtungi wa maji. Ayikoru alipiga magoti, akaanza kuvifundisha vidole umbali mpya. Ilikuwa kazi ya kusikitisha kuitazama, maana kujifunza kunauma kidogo, lakini kusahau ulichojifunza vizuri kunauma zaidi. Wakati mwingine alilia, akaendelea kupiga huku analia.

Na mama hakufagia. Siku zote hizo hakufagia baraza. Kuku akipanda, mama alimrukia. Mgeni akija, alizungushwa kupitia nyuma ya jiko. Vumbi lilijaa, majani yakajaa, majirani wakauliza kama mama anaumwa, naye akawajibu, "Hapa iko mutu anafanya kazi."

Jumapili iliyofuata mjomba alikuja, na sanduku la Ayikoru lilikuwa limeshafungwa nyuma ya baiskeli yake kwa ukanda wa mpira, tayari kwa safari. Ayikoru alipiga. Alikosea mahali pamoja, akaukunja uso, nadhani yeye na Mwalimu Yosia tu ndio waliosikia. Wimbo ulipofika katikati kina mama walikuwa wamesimama, na wazee hawakuhitaji kunong'ona. Nilitoka nje kwanza kumtafuta mjomba nimpe habari. Nilimkuta amechuchumaa kando ya baiskeli, anaufungua ule mpira.

Sasa Ayikoru anaishi Arua, anafundisha kwaya, na watu humwita Mwalimu. Mimi nilikwenda chuo kikuu, na sikupata jibu la swali langu la majina kule pia. Baraka, mwana wa Ayikoru, ana simu ambayo kibodi zote mbili zimo. Anaandika kwa dole gumba moja bila kutazama, maneno yasiyo na irabu, kisha anatelezesha kidole na herufi zinakuwa vitufe vyeupe na vyeusi, vyenye sauti ya kinanda, filimbi au chochote anachotaka. Nilimwambia habari za katoni akaniuliza kwa huruma kama tulikuwa wakimbizi.

Sitaki kuongopa kwamba shida ilikuwa tamu. Ningemuuliza Ayikoru wa wakati ule achague kati ya baraza na simu, angeinyakua simu kabla sijamaliza swali. Na bado kuna kitu siwezi kukikataa. Zamani mtoto akitaka jambo, nyumba nzima ililijua, kwa sababu lilichukua nafasi. Ililazimu watu wapite nyuma.

Mwezi uliopita nilikuwa kwao. Ayikoru alikuwa jikoni anakanda unga, Baraka kwenye kochi, vipokea sauti masikioni, vidole vinatembea juu ya kioo. Nilimwomba avichomoe nisikie. Akasitasita, kisha akavichomoa, na sebule ikajaa muziki, mikono yote miwili, safi kabisa, wimbo alioutunga mwenyewe. Alikuwa akiupiga tangu mwaka jana, masikioni mwake tu.

Ayikoru alitokea mlangoni, mikono imejaa unga hadi viwikoni.

"Hiyo iko wewe?" akamuuliza mwanawe.