Kitabu Alichokisoma Bapa

Daulat hakulia siku mumewe Bahadur alipozikwa, wala arobaini ilipofika. Watu walikuja, wakampa pole, wakala, wakarudi makwao. Yeye akabaki ghorofani pale Etobicoke, ughaibuni, akiangalia magari ya barabara kuu kama mtu anayeangalia televisheni iliyozimwa sauti. Ukimuuliza hali, alikujibu, "Sijambo." Na mwongo hakuwa. Njaa hakuisikia, baridi hakuisikia. Siku moja kisu kilimkata kidole jikoni, akaiona damu, akasubiri maumivu, hayakuja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi.

Mwisho wa Juni mwaka 2011 shule zikafungwa, na mwanawe Aleem akamletea kazi. Aleem na mkewe Minaz waliajiriwa Richmond Hill, wakitoka alfajiri na kurudi jioni wamechoka hoi, kwa hiyo binti yao Fareen, wa miaka saba, angeshinda kwa bibi yake. Hilo halikuwa na neno. Neno lilikuwa la mwalimu: kusoma kwa mtoto huyu kunasuasua, na asiposoma kila siku likizo nzima, Septemba ataingia darasa la tatu haambulii kitu.

"Mama, akisahau na hicho kidogo alichonacho, tumekwisha," Aleem alisema. "Bapa, babu yake, ndiye aliyekuwa akimsomea. Sasa umebaki wewe."

"Mimi, na Kiingereza changu hiki cha kuombea chumvi?"

"Wewe msikilize tu asome."

"Haya." Usipoziba ufa utajenga ukuta, nani asiyejua? Tena Bahadur mwenyewe, alipokuwa kitandani hospitali, neno lake la mwisho la maana halikuwa la mapenzi wala la wosia. Alisema, "Mtoto asiache kusoma." Mzee yule jamani! Mkewe wa ujana wake kakaa hapo kamshika mkono, yeye anawaza vitabu.

Basi kila asubuhi, wakishamaliza chai na mkate, Fareen alijitupa kwenye kochi na kitabu cha mbwa aliyepotea kwenye theluji. Daulat alikaa karibu na sinia la choroko, akichambua. Mtoto alisoma, na alisoma kweli! Hakujikwaa hata mahali pamoja. Mwisho wa kila ukurasa alilamba kidole kama kizee, akasema kwa Kiswahili, "Enhe, halafu?" ndipo akafunua. Kiswahili alikielewa, lakini ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza tu, kama watoto wote wa huko. Isipokuwa maneno hayo mawili. Hayo yalikuwa ya Bahadur, na kidole kilikuwa cha Bahadur. Daulat alijua yalipasa kumchoma. Hayakumchoma. Akaendelea na choroko zake.

Nikwambie, huyu mama alisoma Mwanza zamani zile mwalimu akigonga ubao kwa fimbo na darasa zima likiitikia kwa sauti moja. Nyumbani ikawa vilevile, nyimbo za dini walishikishwa mstari kwa mstari mpaka zikawakaa kichwani. Aliyeweza bila kutazama ndiye aliyesoma, na aliyetazama alikuwa bado. Ukimaliza bila kukosea, kashata yako hiyo hapo. Kwa hiyo Fareen naye alipewa kashata, tena nyingi, na sifa akapigiwa hadi mlango wa pili, kwa Winfred, Mkamba wa Machakos aliyekuwa akitunza wazee.

"Mjukuu wangu kitabu hata hakitazami!" Daulat alimwambia wakiwa kwenye lifti.

"Hatazami?" Winfred akamgeukia. "Na sasa anasoma nini, Mama Aleem?"

Kijicho tu, Daulat alisema moyoni, akashuka.

Siku moja ya Agosti Fareen alikuwa amekula mkate kwa achari ya embe, na vidole vikabandika kurasa mbili pamoja. Akazifunua zote kwa mpigo bila kujua, akaendelea vilevile kwa madaha yake. Mdomoni mwake mbwa alikuwa bado anavuka mto wa barafu. Daulat akainua macho, akatazama picha. Mbwa alikuwa kesha kufika nyumbani, kalala mbele ya moto.

Sinia likawekwa chini. Daulat akaweka kidole kwenye neno fupi chini ya picha, neno la moto, ambalo hata yeye alilijua.

"Hapa pameandikwa nini, mama?"

Fareen alitazama kidole, hakutazama neno. Kisha akasema kwa Kiingereza, taratibu, kama anayemweleza mtu mgumu kuelewa, kwamba Bapa hajafika hapo bado.

Loo! Kitu cha kwanza kumjia Daulat baada ya miezi yote ile kilikuwa hasira, tena kali. Likizo inaisha, na yeye kazi yake imekuwa kuilisha kashata sauti ya marehemu. Mtoto hajasoma hata neno. Alikuwa akimrudisha babu yake kila asubuhi, pumzi kwa pumzi, na bibi mtu kakaa hapo anapokea, hauliziulizi. Kwa nini aulize? Ilimfaa. Hakulia, lakini kila asubuhi aliiwahi ile saa ya kusoma kuliko alivyowahi chakula. Kitabu kile kikiondoka, sauti ya Bahadur imeondoka nyumbani. Na kikibaki, Septemba hiyo inakuja.

Alikaa nacho mapajani mpaka chai ikapoa. Halafu akakifunga, akakiweka juu kabisa ya kabati, akaenda kugonga kwa Winfred. Mficha uchi hazai.

"Nisaidie. Mtoto hasomi. Amekariri."

"Si nilikuuliza, bana?" Winfred alianza kucheka, akamwona uso, akaacha. "Ngoja nivae viatu. Maktaba iko wazi."

Waliporudi, Fareen alikaa kwenye kochi na kitabu chembamba cha kobe aliyepoteza kofia, kanuna.

"Bapa hakukisoma hiki," alisema kwa Kiingereza chake.

"Hakukisoma," Daulat alikubali. "Ndiyo maana nimekichukua."

Mtoto akaanza. Mungu wangu, kazi ilikuwa pale! Herufi moja moja, anarudi nyuma, anakisia, anasonya, anafuta machozi kwa mkono wa blauzi, anaanza tena. Ukurasa wenye mistari mitatu uliwachukua hadi choroko zikaungulia jikoni, wala hakuna aliyeinuka. Akafika mwisho. Akalamba kidole. Kisha akatulia, mdomo wazi, kidole hewani, akimtazama bibi yake. Yale maneno hayakuwa na wa kuyasema kwenye kitabu hiki.

Daulat akasogea karibu naye.

"Enhe," akasema. "Halafu?"

Sauti ilitoka kavu, mbovu, si ya Bahadur hata kidogo.

"Siyo hivyo," Fareen alisema, na kwa mara ya kwanza kiangazi kile alisema maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili. "Polepole. Bapa alisema polepole."

Daulat akarudia, polepole. Mtoto akafunua ukurasa, na bibi akashindwa kuona picha kwa machozi.