Mama na Madoa ya Kijani

Kazi yangu kwenye maabara pale Jette ni kuichunga programu inayohesabu seli. Chumba kina kiza mchana kutwa, hadubini inavuma taratibu, na kwenye skrini retina ya panya, ule utando wa nyuma ya jicho, imetandazwa, nyeusi, na madoa ya kijani kila mahali kama choroko zilizomwagika sakafuni. Ndizo seli zinazopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Nabonyeza, nangoja, programu inachora duara juu ya kila moja. Hodari, lakini zuzu! Seli mbili zikigusana, inaona moja. Hapo naigombeza kwa Kiswahili, wenzangu wanacheka, kisha nazitenganisha mwenyewe. Saa zinayeyuka humo ndani, hata najiona naelea ndani ya jicho. Nikitoka nje, mwanga wa tramu unanishangaza.

Mama, aliyetoka Lubumbashi kuja kukaa nami hapa ughaibuni, Auderghem, ana presha ya macho, ugonjwa unaoziua seli hizo hizo pole pole. Nilimwonyesha picha nikidhani itamfariji.

"Unabihesabia nini?"

"Tujue zimebaki ngapi, mama."

"Aa! Hapana kuhesabu. Njo vile binapoteaka."

Kwa mama, kinachohesabiwa hupotea; ndiyo maana kwetu watoto hawahesabiwi. Ukimuuliza mama ana wajukuu wangapi, atakujibu, "Wapo." Tulipokuwa wadogo, ole wako unyooshe kidole uanze moja, mbili, kofi lilikuwa njiani. Wajukuu wakija Jumapili anasimama mlangoni, anawapitishia macho tu, kisha huyoo, jikoni kusonga bukari, ugali wetu. Akikosekana hata mmoja, alijua; hakuwahi kukosea.

"Matone ya macho umetia?" namuuliza kila asubuhi.

"Nimetia. Naona bien, muzuri. Uniache, weye!"

Basi namwacha. Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Niliogopa siku ambayo angenitazama asinione, kwa hiyo nikachagua kumwamini.

Jumapili iliyopita wajukuu walirudi kutoka kutembea kwenye msitu wa jirani, viatu vimejaa majani, baridi imewatia ububu. Mama alikuwa mlangoni kama kawaida. Nikaona mkono wake unanyanyuka, unatua juu ya kichwa cha kwanza.

"Un," alinong'ona. "Deux."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama, kuhesabu! Tena kwa Kifaransa, labda akidhani kwa lugha hiyo si kosa kubwa. Mkono ukaenda kichwa hadi kichwa. Mapacha wa dada yangu walipita mwishoni, wamekumbatiana chini ya koti moja, na mkono ukagusa mmoja tu.

Mama akabaki amesimama, akitazama mlango ulio wazi.

"Kunakosa mumoja," alisema. "Mutoto iko wapi?"

"Nkambo, niko hapa," pacha wa pili alimjibu bibi yake. Alikuwa mbele yake kabisa, anamwangalia usoni.

Nikaushika mkono wa mama, nikauweka juu ya kichwa kile kidogo chenye ubaridi wa nje, nikaushikilia hapo.

"Wapo, mama," nikamwambia. "Wote wapo."