Tangi Lililofuata Nyumba

Kiwanda cha umma nilichokichorea miaka tisa kiliuzwa, na mnunuzi hakuwa na haja ya mchoraji. Nikaangukia ofisi ya ramani ya Mchaga mmoja, nyuma ya gereji pale Ngarenaro. Alikuwa na kompyuta moja, ameifunika kitambaa cha kufuma, na programu ya kuchora nyumba ambayo sidhani kama kuna aliyeilipia. Akanipa mwezi mmoja wa majaribio. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na sikuwa na pengine pa kwenda.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mfanyabiashara aliyetaka kujenga gesti Kimandolu. Sharti lake lilikuwa moja: "Tangi likae juu, hatua kumi kutoka ukutani, maji yashuke yenyewe." Mtu wa Dar angelipandisha hewani. Kwetu, chini ya Meru, juu ni upande wa mlima, na hata kitandani tunaambiana sogea juu kidogo. Nikaliweka tangi upande wa Meru, kisha nikalifanya mtoto wa nyumba. Ndivyo programu ilivyoita: ukimsogeza mzazi, mtoto anafuata bila maswali. Laiti wangu wangekuwa hivyo.

Asubuhi ya kumwonyesha, bosi akataka baraza litazame barabarani. Nikaigeuza nyumba, mbele ikawa nyuma. Nikakagua tarakimu za tangi: bado juu, bado kumi. Nikaridhika, bwege mimi. Sikujua kwamba mtoto yule anapimwa kutoka kwa mzazi wake, si kutoka kwa dunia. Nyumba ilipogeuka, ile "juu" yake nayo ikageukia bondeni, na Meru haina habari.

Mama akainamia kioo. "Mbona tangi langu liko chini, getini? Maji yatapanda kwa maombi?"

"Ni virusi, mama," bosi akadakia. Siku hizo virusi vya kompyuta vilibeba dhambi zote za mjini. Akanikodolea macho niitikie. Mwezi wangu wa majaribio ulikuwa umebakiza siku tatu.

"Si virusi, mama," nikasema. "Ni mimi. Niliiuliza nyumba juu ni wapi, badala ya kuuliza mlima."

Bosi akaanza kupangusa meza isiyo na vumbi. Mama akachukua mkoba wake, akamwambia, "Huyu ndiye atakayekuja kiwanjani kesho. Wewe baki na virusi vyako."

Siku tatu zikapita, mwezi wa majaribio ukaisha. Bosi akanipa ufunguo wa ofisi.